Mpiga Picha wa Nkuhungu na Kitambaa Cheupe

Ukitaka kumuudhi Germana, mpelekee simu ambayo lenzi yake imejaa mafuta ya maandazi, kisha umwambie kamera ya simu hiyo ni mbovu. Ataipokea, ataipulizia pumzi, ataifuta kwa pindo la khanga yake na kukurudishia bila neno. Picha utakayopiga baada ya hapo itatoka safi, na wewe utabaki unatazama viatu vyako.

Studio yake iko Nkuhungu, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha Witness, fundi cherehani. Hana yale mapazia yenye maporomoko ya maji na magorofa ya ughaibuni, ambayo watu hupigwa picha mbele yake wakiwa ng'ambo kichwani huku miguuni wana vumbi la Dodoma. Ana kiti kimoja, ukuta wa rangi ya majivu, na dirisha pana linalotazama kusini, upande ambao jua haliingii moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka. Mwanga wa dirisha hilo huingia taratibu, kama mgeni mwenye adabu, na kukaa upande mmoja wa uso wa mtu. Germana husema fundi ni dirisha, yeye ni kibarua wake tu.

Simu zilipoingia mifukoni mwa kila mtu, majirani walimhurumia. Walisema biashara ya Germana imekwisha, atabaki na pasipoti na picha za wanafunzi. Kweli wateja walipungua. Lakini lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: watu walianza kuja na simu zao kumuuliza kwa nini picha zao ni mbaya. Naye, badala ya kuwafukuza, aliwavutia kigoda. Wapo wapiga picha mjini hapa wenye lenzi ndefu kama mchi, ambao ukiwauliza jambo dogo wanakujibu kama umewaomba figo. Germana hakuwahi kuwa mtu wa namna hiyo. Alichokijua alikitoa kama mtu anavyompa jirani moto wa kuwashia jiko, maana moto ukigawiwa haupungui.

Alikuja baba mmoja akilalamika kwamba mtoto wake anatoka kichwa kikubwa na miguu midogo. Germana alimtazama namna alivyosimama, akamshika bega na kumchuchumaza pale barazani. "Shuka mpaka umwone machoni," alimwambia. "Mtoto hapigwi picha na twiga." Mama wa kwaya alileta picha ya mwenzake aliyesimama mbele ya mlingoti wa umeme, ukaonekana umemwota utosini. Germana akamfundisha atazame kwanza kilicho nyuma ya mtu, ndipo amtazame mtu mwenyewe, na kama kuna mti, nguzo au ndoo, asogee hatua moja pembeni. Wale wanaovuta picha kwa vidole ili mtu aonekane karibu aliwaambia kwamba Mungu aliwapa miguu, waitumie. Na maharusi waliotaka picha za saa saba mchana, nyuso zikiwa zimekunjamana utadhani wamelambishwa ndimu, aliwarudisha nyumbani wakale kwanza. Jua la saa saba, kwa maneno yake, ni la kuanikia mtama.

Lililomuuma zaidi lilikuwa jambo la weusi wetu. Mtu mweusi akisimamishwa mbele ya mbingu nyeupe, kamera huogopa ile nyeupe, hufumba jicho, na uso wa mtu hugeuka sufuria iliyoungua. Watu wengi walidhani ndivyo walivyo. Walikuwa wanasema wenyewe, bila hata huzuni, kwamba wao hawapendezi kwenye picha. Germana hakulivumilia neno hilo. Alikuwa anamgeuza mtu mpaka mwanga umwangukie usoni, anaweka kidole juu ya uso ule kwenye kioo cha simu, anauongeza mwanga kidogo, na hapo mtu mzima huonekana na rangi yake yote: kahawia, shaba, na wekundu ule wa mashavuni ambao mama zetu huuona na kamera huukosa. Niliowaona wakijitazama baada ya hapo hawakulirudia tena neno lile.

Ukali huo haukuanzia kwenye kamera. Ulianzia kaburini. Germana alizaliwa Kongwa, baba yake akiitwa Paskali, mchunga ng'ombe mrefu ambaye kicheko chake kilimtangulia nyumbani kabla ya ng'ombe. Alipofariki, Germana alikuwa msichana ambaye hajawahi kushika kamera. Siku ya mazishi juu ya jeneza iliwekwa fremu, kama ilivyo desturi, na ndani ya fremu walikuza picha ya kitambulisho. Macho yametoka, mdomo umebanwa, muhuri umepita kidevuni. Watu walipita mbele yake wakiaga, na Germana alisimama pale akijiambia kwamba huyo wanayemuaga hamjui. Baba yake hakuwa amepata kuaga hata mtu mmoja kwa uso ule. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja, na alipopata kamera alikifuata kwa ukaidi: wazee wapigwe picha wakiwa hai, wakiwa wenyewe. Kila Jumamosi alifunga studio, akaenda kuwatafuta.

Ndipo tunafika kwa Bibi Yudith wa Kibakwe, mama yake Witness.

Mwaka jana, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, Witness aliacha cherehani yake ikiwa na nguo ya mtu chini ya sindano, akaingia studio na kukaa kwenye kile kiti kimoja.

"Da Germana, mama alinitisha," alisema. "Homa ilimlaza mpaka tukaitana wote. Amepona, lakini usiku ule nilitafuta picha yake nyumba nzima, sina. Ipo ya kitambulisho tu."

"Hiyo naijua," alisema Germana, ingawa hakuwahi kuiona.

"Na hataki kupigwa. Kaka akitoa simu, anageuza uso. Nikifikiria aje azikwe na ile ya kitambulisho, silali."

Germana hakuhitaji kubembelezwa. Aliuliza swali moja tu, la kifundi: mama ana nguo nyeupe? Maana kwa mzee, kivuli hukaa chini ya macho na chini ya mashavu, na nguo nyeupe huupokea mwanga na kuurudisha juu, ukaingia kwenye yale mashimo na kuyafungua. Witness alifikiri kidogo, akasema lipo gauni jeupe la Umoja wa Akina Mama wa kanisani, pamoja na kitambaa chake cha kichwa. Limekaa sandukuni miaka mingi, halivaliwi.

"Hilohilo," alisema Germana. Na hapo ndipo alipokosea.

Walifika Kibakwe jua likiwa utosini, upepo wa milimani ukipiga mabati. Germana hakutoa kamera. Alisalimia, "Shikamoo, mama," akapokelewa kwa "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo wa pale, akakaa, akala ugali na mlenda, akauliza habari za mvua na za mbuzi. Kamera aliiacha mkobani, maana mwanga ulikuwa mbaya na yeye alikuwa bado mgeni. Bibi Yudith alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, na alizungumza huku akicheka na kufunika mdomo kwa kiganja. Germana aliupenda uso ule tangu bibi alipommiminia maji ya kunawa kwa kibuyu.

Jua lilipoanza kulala, Witness aliingia ndani na mama yake, akambembeleza. Walipotoka, bibi alikuwa amevishwa gauni jeupe na kitambaa cheupe kimefungwa kichwani. Nje kiti kilikuwa kimewekwa ukutani penye kivuli. Ndugu wa mji ule, waliposikia Witness amekuja na mgeni, na sukari na sabuni mkononi, walikuwa wamekuja mmoja mmoja na kukaa kwenye mikeka. Walikuwa wamenyamaza kwa heshima ya mgeni. Germana akatoa kamera.

Bibi Yudith aliitazama kamera. Akawatazama waliokaa mikekani. Kisha akajitazama mwenyewe, kuanzia kifuani mpaka kwenye pindo la gauni.

"Nguo hii niliiweka kwa safari yangu," alisema polepole. "Mmenivika. Mmekaa chini, mmenyamaza. Kilichobaki ni jeneza. Mmeshaagiza?"

"Mama, si hivyo," alisema Witness, na machozi yakamtoka hapohapo, jambo ambalo halikusaidia.

Germana aliona aibu. Alikuwa binti wa Kongwa, si mgeni wa mambo haya. Alijua vizuri kwamba akina mama wa Umoja huzikwa na nguo hiyo, na kwamba ikikaa sandukuni bila kuvaliwa inasubiri siku moja tu. Bibi yake mzaa baba alikuwa na sanduku kama hilo, na watoto walikatazwa hata kulikalia. Yote hayo aliyajua, na yote aliyasahau, kwa sababu aliwaza mwanga. Bibi Yudith alifungua kitambaa, akakiacha kwenye kiti, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na khanga zake za kila siku, akapitiliza jikoni bila kumtazama mtu.

Mpiga picha mwingine angeanza kumbembeleza, au angemvizia kwa lenzi ndefu kutoka nyuma ya banda. Germana hakuwahi kumwibia mtu uso. Alikwenda mpaka mlango wa jiko, akachuchumaa.

"Mama, nimekosa. Nilitaka weupe wa nguo, sikuwaza nguo yenyewe ni ya nini."

"Sijakukasirikia, mwanangu," alijibu bibi kutoka gizani. "Lakini picha sipigwi. Naijua kazi yake. Mtu akishapigwa picha ya namna hiyo, watu wanaanza kumtazama kama aliyechelewa."

Germana hakubisha. Mbele ya mlango wa jiko palikuwa na jamvi la mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, meupe pe, yameanikwa yakauke kabla ya kwenda kusagwa. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya na mikono yake, alianza kuyageuza. Na ilikuwa wakati anayageuza ndipo alipoona. Jua la jioni lilikuwa linapiga yale mahindi, na mwanga wake ulikuwa unapanda kutoka chini, laini, mweupe, unaingia mlangoni mwa jiko mpaka kwenye kizingiti. Viganja vyake vilikuwa vinang'aa kwa upande wa chini. Hapakuwa na haja ya gauni la mtu yeyote. Lakini mwenye uso alikuwa amekataa, na Germana akaendelea kugeuza mahindi.

"Kamwene!" sauti ilisalimu Kihehe kutoka njiani.

Alikuwa Mzee Elieza, Mhehe aliyehamia Kibakwe akiwa kijana kulima, ambaye mji wake ulitazamana na wa Bibi Yudith ng'ambo ya njia. Ni lazima ieleweke kwamba Wagogo na Wahehe ni watani. Mababu zao walipigana, na walipochoka kupigana walikubaliana wawe wanatukanana. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lile ambalo mwanao wa kumzaa hathubutu. Anaweza kuchukua kuku wako. Na siku ya maziko yako ndiye atakayelala kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, huku waombolezaji wakicheka na kamasi zikiwatoka. Elieza na Yudith walikuwa wamefanyiana hivyo tangu wote wakiwa na meno kamili.

"Nasikia kuna picha za msiba hapa," alisema Elieza akiangaza macho, "na marehemu yuko jikoni anapika."

Mikekani watu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Jikoni mwiko uligonga sufuria.

Germana alimtazama yule mzee, akatazama kile kizingiti. Ana tabia moja: hamkalishi mhusika mpaka ameshajaribu mwanga kwa mtu mwingine, kwa sababu uso wa mtu huchoka wakati fundi anahangaika na kamera yake.

"Baba, shikamoo," alisema. "Naomba ukae hapo mlangoni kwenye kigoda, nijaribie mwanga."

"Marahaba. Bila nguo ya sare?" alijibu Elieza. Akakifuata kile kitambaa cheupe kwenye kiti, akakifunga kichwani kwa ustadi wa mtu aliyeishi na mke miaka mingi, akaketi kizingitini, akakunja mikono mapajani na kuinamisha macho. Kisha kwa sauti nyembamba akaanza: "Mimi ni mwenyekiti wa akina mama. Wapendwa, tumkumbuke dada yetu Yudith. Alikuwa mwema, isipokuwa kwenye mlenda alikuwa mchoyo."

Germana akabonyeza.

Bibi Yudith alitokea na mwiko mkononi. "Vua kitambaa changu, Mhehe wewe. Mbwa wangu amepotea tangu juzi, na mla mbwa ni wewe, ila sijaja kwako kuuliza."

"Nitavua ukikaa wewe. Picha hii ya jeneza ni lazima itoke vizuri, mtani. Siku hiyo mimi ndiye nitakayesimama mbele yake nikiitazama. Ukininunia, nadai ng'ombe."

"Utamdai nani? Utatangulia wewe."

"Haya, kaa basi tuone nani anafaa kutangulia."

Bibi alimsukuma kwa ncha ya mwiko mpaka akaondoka kwenye kigoda, akamvua kitambaa, akaketi pale yeye, miguu ameitanua, anahema kwa hasira ambayo nusu yake tayari ilikuwa kicheko. Lile neno ambalo watoto wake walizunguka kulisema, neno la jeneza, lilikuwa limeshasemwa kwa sauti mbele ya mji mzima, na lisingeweza kumtisha tena. Germana alikwishakaa chini, vumbini, kamera ikiwa usawa wa macho ya bibi, kwa sababu mzee hapigwi picha kutoka juu kama anayekaguliwa.

Hakumwambia atabasamu. Germana hajawahi kumwambia mtu atabasamu, wala hahesabu moja mbili tatu, kwa kuwa mtu akisikia tatu hufunga uso kama dirisha la duka. Alibonyeza mara moja, na bibi, aliposikia ule mlio, akakakamaa. Ndivyo tulivyofundishwa, picha ni heshima, na heshima ni kununa. Germana akashusha kamera kama mtu aliyemaliza. "Asante, mama," alisema.

Mabega ya bibi yakashuka. Mzee Elieza, aliyekuwa amesimama pembeni upande wa mkono wa kulia wa Germana, alisema jambo kwa Kigogo chake kibovu, kuhusu meno. Bibi Yudith akamgeukia, akacheka, na safari hii mkono wenye mwiko ulichelewa kufika mdomoni.

Germana alikuwa ameshabonyeza.

Walimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Mwanga wa mahindi ulikuwa umepanda usoni mwake wote, umeingia kwenye kila mkunjo bila kuukwangua, na macho yalikuwa yanang'aa kuelekea pembeni, kwa mtu ambaye haonekani kwenye picha. Bibi aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama mpaka Witness akaanza kuogopa tena.

"Huyu ndiye mimi," alisema mwishowe. "Yule wa kwenye kitambulisho sijui walimtoa wapi."

"Na yangu je?" aliuliza Elieza.

"Yako haifai hata kufukuzia ndege shambani."

Kwenye basi la kurudi, Witness aliomba kuziona zote tena, akacheka alipofika kwenye ile ya Elieza na kitambaa. Akauliza kama hiyo ya kujaribia mwanga haifutwi. Germana alichukua kamera yake. Ana sheria kwamba hamfuti mtu njiani. Kioo kidogo hudanganya, na mtu aliyechoka hufuta kwa haraka asichokijua. Picha zote hufika nyumbani kwanza, hutazamwa kwa utulivu kwenye kioo kikubwa, na hata hapo sura ya mtu huiacha ikae. Witness aliona ni ubahili wa mafundi tu.

Mvua zilipokuwa zimekolea, na Nkuhungu kumejaa madimbwi, Witness aliingia tena studio. Safari hii hakukaa.

"Mzee Elieza amefariki," alisema. "Wanawe wametafuta picha. Ipo ya kitambulisho."

Germana akawasha kompyuta. Elieza alikuwa pale, kizingitini, amefunga kitambaa cheupe cha kike, mikono imekunjwa, macho yameinama kwa utakatifu wa uongo, na kwenye pembe ya mdomo kicheko kinapigania kutoka. Mwanga wa yale mahindi ulimjaa usoni kama ulivyomjaa mtani wake. Ukimtazama mara moja tu, ungejua alikuwa mtu wa namna gani. Germana, ambaye hakuwa ameonana naye zaidi ya jioni ile, alijikuta anafuta machozi.

Kijana mkubwa wa marehemu alipiga simu. Picha alikuwa amekwishatumiwa, na alikuwa na shida nayo. "Dada, picha ni nzuri, hatuna nyingine. Lakini mchungaji atakuwepo, wakwe watakuwepo. Baba na kitambaa cha akina mama juu ya jeneza? Nasikia kompyuta zinaweza kukitoa."

Kompyuta zinaweza. Germana alikuwa anajua namna ya kuifanya, na alimwelewa kijana yule, maana aibu ya msibani si ndogo. Alikuza picha mpaka kitambaa kikajaa kioo, akashika kazi. Hajaenda mbali, simu ya Witness ikalia.

"Nipe huyo mpiga picha," ilisema sauti ya Bibi Yudith. Germana akapokea. "Mwanangu, nasikia wanataka ukitoe kitambaa changu."

"Ndiyo, mama. Wanasema ni kukosa heshima."

"Mtani wa Elieza ni mimi. Msibani kwake anayejua heshima ni mimi. Kiache pale kilipo, nitakidai mwenyewe."

Na hakuna Mhehe wala Mgogo wa Kibakwe ambaye angeweza kubishana na hilo. Germana aliifunga kazi bila kuihifadhi, akachapisha picha ile kubwa, kama ilivyo, akaitia fremu na kuondoka na basi la asubuhi yeye mwenyewe.

Bibi Yudith ndiye aliyebeba fremu mbele ya jeneza. Alitembea kwenye utelezi ule akikataa kushikwa mkono. Waombolezaji walipoiona picha, kwanza ulipita mnong'ono, kisha mtu mmoja akapasuka kicheko katikati ya kilio, na kikaenea, mpaka mchungaji akajifunika uso kwa kitabu chake cha ibada. Watu walikuwa wanamlilia Elieza mwenyewe. Kijana mkubwa, aliyeogopa wakwe, alikuwa anacheka huku machozi yanadondoka kwenye tai.

Kaburini bibi alisimama ukingoni, akainua fremu juu.

"Huyu hafukiwi," alisema. "Ni mwizi, na ushahidi huu hapa. Anaondoka na kitambaa changu kichwani. Nani analipa?"

Wana wa marehemu walijadiliana, wakaleta kuku. Bibi alimpapasa kifua. "Amekonda kama baba yenu," alisema, akampokea. Watu walicheka tena, wakidhani mchezo umeisha na majembe yataanza.

Lakini bibi alimpa Witness ile fremu na yule kuku, akaingiza mkono chini ya khanga yake kifuani, akatoa kitambaa chenyewe. Kilikuwa kimekunjwa, cheupe, kinanukia sanduku. Akakinyoosha kwa vijana waliokuwa ndani ya kaburi.

"Mwekeeni juu," alisema, akaliinamia kaburi. "Nenda nacho, mtani. Mimi nitatafuta kingine."

Vijana walikitandaza juu ya jeneza, na hakuna aliyecheka tena. Witness alimgusa Germana kwa kiwiko, akamwonyesha kwa macho mkoba wa kamera. Germana akatikisa kichwa. Alikuwa analia, akaokota udongo kama wengine.

Ukienda Nkuhungu leo utaona ukutani mwa studio ile picha mbili, na hizo hazikuwekwa kwa biashara. Upande mmoja Bibi Yudith na mwiko wake, ambaye bado yuko hai na bado anageuza mahindi yake, anacheka akitazama mkono wa kulia. Upande huohuo, kwa sababu ndiko macho yake yanakoelekea, Germana amemtundika Mzee Elieza na kitambaa chake. Wateja wengi wanapokaa kwenye kiti huuliza kama wale ni mke na mume.

"Hapana," huwajibu Germana, akifuta lenzi kwa pindo la khanga. "Ni watani. Geuza uso kidogo, utazame dirisha."